Salamanda wa maji (Cynops) kwenye akwaria yenye mimea: nibadilishe nini kabla sijawaleta?

Mwana_Pangani (Ujerumani)

Habari zenu wadau. Nina akwaria ya sm 80 × 35 × 40, yaani lita 112 ikijaa pomoni. Imekuwa na samaki wadogo aina ya gapi tangu mwaka jana na mimea imeshika vizuri. Sasa nataka kuweka salamanda wa maji (amfibia wenye mkia, umbo kama mjusi) wenye tumbo jekundu, Cynops orientalis, watatu au wanne. Hali ya tangi kwa sasa ni hii:

Chini kuna changarawe ya milimita 3 hadi 5. Filta ni ya nje, ya ndoo, lita 600 kwa saa. Hita iko 25. Mimea ni Anubias, Vallisneria, Cryptocoryne na mosi wa Java. Taa huwaka saa 10 kwa siku, na kila siku naweka mbolea ya maji pamoja na ile "kaboni ya maji" ya chupa. Juu kuna kioo chenye nafasi ya vidole viwili nyuma kwa ajili ya mipira na nyaya. Vipimo: amonia 0, nitriti 0, nitreti 25 mg/l, pH 7.6. Tangi liko sebuleni, ghorofa ya tatu, na mwezi wa saba chumba hufika 29.

Kipi kibaki, kipi kiondoke? Gapi wanaweza kuishi nao? Na mwanangu wa miaka sita ataruhusiwa kuwashika?

---

Bi_Kidimbwi

Karibu ndugu. Vipimo vyako vya maji ni vizuri na mimea uliyonayo karibu yote inafaa. Tatizo kubwa ni hiyo sentensi yako kuhusu chumba kufika digrii 29, kwa hiyo naanza nayo.

Cynops orientalis ni mnyama wa maji baridi ya mashariki na kati ya China. Anastawi kwenye 16 hadi 20. Anavumilia 22. Kuanzia 24 na kuendelea anaanza kukataa chakula, kinga inashuka, na kuvu na bakteria ambao siku zote wamo majini wanapata nafasi. Oksijeni nayo inapungua: maji ya 20 yakishiba hubeba kama mg 9 kwa lita, ya 28 hubeba chini ya mg 8, wakati mwili wa mnyama kwenye joto unadai zaidi. Salamanda wengi wanaokufa Agosti hawafi kwa ugonjwa wa ajabu, wanapikwa polepole.

Kwa hiyo hita itoke leo. Kisha amua tangi litakaa wapi. Majengo mengi ya huko yana vyumba vya chini ya ardhi, na chumba cha chini chenye 17 au 18 kiangazi chote ni bora kuliko kifaa chochote utakachonunua. Taa ya LED kwenye soketi yenye saa inatosha mimea, haihitaji dirisha. Kama lazima ibaki sebuleni, weka feni ya kompyuta ya sm 12 ipulize juu ya uso wa maji kwa mshazari. Uvukizi hushusha digrii 2 hadi 4, zaidi hewa ikiwa kavu, kidogo ikiwa na unyevu. Kwa chumba cha 29 maana yake unabaki na 25 hadi 27, ambayo bado haitoshi. Chupa za barafu watu wanazipenda, lakini piga hesabu: tangi lako likiwa na lita 70 za maji, chupa ya nusu lita iliyoganda inashusha chini ya digrii moja. Ya lita moja na nusu inashusha kama mbili, halafu usiku zinarudi. Huko kupanda na kushuka kila siku nako kunawachosha. Barafu ni ya dharura ya siku mbili tatu tu.

Gapi hapana. Wao wanataka 24 kwenda juu, hawa wanataka chini ya 22, hakuna joto la kuwaridhisha wote. Vilevile gapi hudonoa ngozi na matamvua ya wadogo, na ngozi ya Cynops ina tetrodotoxini, sumu ile ile ya bunju. Hilo linajibu na swali la mtoto: haiui kwa kugusa, ila ikiingia mdomoni, machoni au kwenye kidonda ni habari nyingine. Na upande wa salamanda, mkono wa mtu una joto, chumvi na mabaki ya sabuni, navyo vinapita kwenye ngozi yake moja kwa moja. Mtoto aangalie, alishe kwa kibano kirefu akisimamiwa, halafu anawe. Kumhamisha mnyama, tumia kikombe cha plastiki.

Mfuniko: nafasi ya vidole viwili ni mlango wazi. Hupanda kioo kwa tumbo bichi, hasa pembeni penye silikoni, na hupanda mipira na nyaya kama ngazi. Mdogo anapita kwenye upenyo wa milimita 5. Tengeneza fremu yenye wavu wa chuma wa tundu la milimita 1 hadi 2, ikamate kwa klipu, na mahali pa waya ziba kwa sponji ngumu. Wavu pia unaruhusu feni kufanya kazi, kioo hakiruhusu. Ukimkuta aliyetoroka amekauka, usimtupe na usimtumbukize kwenye kina kirefu. Mweke kwenye chombo chenye maji ya sentimita moja, baridi, penye giza. Wengine huamka.

Kina cha maji: jaza hadi sm 28 kutoka chini, ubaki na sm 12 za hewa. Ongeza gome linaloelea (lile la mti unaotengenezewa vizibo vya chupa, maduka ya reptilia wanaliuza) la ukubwa wa kiganja, ili awe na mahali pa kupumzika nje ya maji. Wakubwa wa aina hii hukaa majini karibu muda wote. Huhitaji kujenga nusu tangi ya udongo.

Changarawe ya milimita 3 hadi 5 ndiyo saizi mbaya kuliko zote. Anapoula mnyoo chini huvuta na kokoto, na hiyo saizi inaingia mdomoni lakini inaweza isitoke. Ama mchanga laini chini ya milimita moja, ambao ukimezwa unapita, ama mawe makubwa kuliko kichwa chake. Kwa tangi lenye mimea, mchanga. Tabaka la sm 3 kwako ni kama lita 8.4, yaani karibu kilo 13. Mchanga wa kuchezea watoto unafaa, uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke angavu.

Usitoe changarawe yote siku moja. Bakteria wako wengi, wale wanaoondoa amonia na nitriti zenye sumu, wanaishi humo. Toa upande mmoja, subiri wiki, pima amonia na nitriti, kisha upande wa pili.

---

Fundi_Majani (Nairobi)

Bi Kidimbwi kamaliza upande wa mnyama, nami niguse mimea.

Kwanza hiyo "kaboni ya maji" ya chupa, acha kabisa. Nyingi ya hizo ni glutaraldehidi, dawa inayotumika hospitalini kusafishia vifaa. Samaki wanaivumilia kwa dozi ndogo, mnyama anayepumua kwa ngozi simshauri mtu amjaribishie. Isitoshe Vallisneria haiipendi, huyeyuka. Mbolea ya maji soma lebo: ikiwa na shaba punguza iwe robo ya dozi au iache, na badala yake zika vidonge vya mbolea mchangani, sm 2 chini, kimoja kila sm 15 karibu na mizizi ya Cryptocoryne na Vallisneria. Mchanga mtupu hauna chakula, bila vidonge mimea hiyo itadumaa.

Ukibadilisha changarawe, Cryptocoryne itaoza majani ndani ya wiki moja au mbili. Usishtuke na usiing'oe. Kata majani yaliyolegea mara moja, kwa kuwa yakiozea humo ndiyo yanakupandishia amonia. Mzizi ukiwa mzima itachipua upya. Anubias na jamii ya Microsorum zifunge kwa uzi kwenye jiwe au mti. Shina lake linalotambaa likizikwa linaoza. (Anubias ni wa kwetu Afrika, misitu ya magharibi na kati, ila ameshazoea kuuzwa kila kona ya dunia.)

Ninachokiona kimekosekana ni mmea wa kunyonya nitreti haraka. Ceratophyllum demersum ndiyo jibu: haina mizizi, iache ielee, inapenda baridi, na hukua hadi unaichoka. Hiyo hiyo iko Ziwa Victoria, kwa hiyo wasomaji wa Kisumu na Mwanza hawana haja ya kuinunua. Juu weka Lemna au Limnobium ifunike kama theluthi ya uso. Salamanda hawapendi mwanga mkali na watatoka kujionyesha zaidi wakiwa na kivuli. Gugu maji usitafute: kwenu Umoja wa Ulaya limepigwa marufuku kuuzwa na kufugwa tangu 2016, na anayejua lilichofanya Victoria hataulizia sababu.

Taa saa 10 ni nyingi. Hita ikitoka, mimea itapunguza kasi, mwanga utazidi mahitaji na mwani utakula kilichobaki. Saa 6 hadi 7.

Mmea wowote mpya, hata kama duka unaliamini: uloweke kwenye maji ya jiki sehemu 1 kwa maji 19, dakika 2 (mosi dakika 1 tu, Vallisneria na Ceratophyllum usizitie kabisa, zitakufa). Suuza, kisha uache kwenye ndoo ya maji yenye dawa ya kuondoa klorini, dozi mara tatu, kwa saa moja. Zile ambazo hazistahimili jiki zikae ndoo peke yake wiki 3 hadi 4 ukibadilisha maji, ili viuatilifu vya shambani vitoke. Mimea ya maabara kwenye vikopo vya jeli haihitaji haya yote, ioshe jeli tu.

---

Mzee_wa_Filta

Filta. Lita 600 kwa saa kwenye lita 70 za maji ni zaidi ya mara nane kwa saa. Kwa salamanda huo ni mto. Atakaa pembeni ameshikilia jani, atakonda, au atapanda gome asishuke.

Suluhisho la kawaida ni filta ya sponji na pampu ndogo ya hewa. Anza sasa: weka sponji mpya ifanye kazi sambamba na filta yako ya ndoo kwa wiki nne kabla ya kuizima ile. Pampu ikikaa chini ya usawa wa maji, weka vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira, umeme ukikatika maji yasije yakanyonywa hadi sakafuni.

Lakini sikubaliani kwamba lazima utupe filta ya ndoo. Ukiweka kidhibiti cha mtiririko upande wa kutokea, ukaweka bomba lenye matundu mengi lililoelekezwa kwenye kioo cha nyuma, na ukavalisha sponji mdomo wa kunyonya ili mkono wa salamanda usinaswe, inakaa vizuri. Faida yake ni nafasi kubwa ya bakteria. Hasara yake ni mipira miwili inayotoka juu, na hapo ndipo wavu wako utakapokuwa na tundu.

Hakikisha uwezo wa filta kabla hujaleta mnyama. Gapi wakishaondoka, weka amonia ya dukani isiyo na manukato wala sabuni (itikise, ikitoa povu linalodumu ni mbaya). Kwa lita 70, mililita 1.5 ya ile ya asilimia 9.5 inakupa karibu mg 2 kwa lita. Baada ya saa 24 amonia na nitriti zote ziwe 0. Zisipofika 0, rudia baada ya siku chache, usilete mtu. Fanya jaribio hili kwenye joto lile watakaloishi, si kwenye 25, maana bakteria wa nitriti hupunguza kasi maji yakipoa. Ikikamilika, badilisha nusu ya maji.

---

Mama_Theluji (Minnesota)

Hamjagusa wanatoka wapi. Cynops orientalis wengi wa madukani ni wa kuokotwa porini, wamekonda, wana minyoo, wamefungwa wengi kwenye chombo kimoja. Kwenye matangazo ya Kijerumani tafuta neno Nachzucht, au kifupi chake NZ, yaani kizazi cha kufugwa. Muulize muuzaji tarehe ya kuzaliwa na wazazi. Asiyejibu, achana naye.

Sababu nyingine ni kuvu inayoitwa Bsal, Batrachochytrium salamandrivorans. Ilitambuliwa kisayansi 2013 baada ya salamanda wa moto (aina ya huko Ulaya) kuteketea Uholanzi, ikaonekana pia Ubelgiji na Ujerumani, na chanzo kinaelekea Asia kupitia biashara ya wanyama hawa hawa. Wa Asia wanaweza kuibeba wasiugue, wa Ulaya wanakufa. Ndiyo maana tangu 2018 Umoja wa Ulaya uliweka masharti ya karantini na vipimo kwa biashara ya salamanda. Huku Marekani jenasi nzima ya Cynops imo kwenye orodha ya 2016 ya wasioruhusiwa kuingizwa nchini, na Kanada ilifunga mlango kwa salamanda wote 2017. Kwa hiyo ndugu wa huku akikuomba umtumie wawili watatu, mwambie hapana.

Karantini wiki 6, hata kwa wa kufugwa: boksi la plastiki la lita 10 kwa kila mmoja, maji sm 8, kipande cha mmea wa plastiki, karatasi ya jikoni yenye unyevu juu ya jiwe. Maji yote yanabadilishwa kila siku mbili. Kibano, kikombe na ndoo za karantini zisiguse tangi kubwa. Maji machafu yaende chooni au kwenye sinki linaloishia kwenye mfumo wa majitaka, kamwe si bustanini wala kwenye mfereji wa mvua. Na wale wa bwawani huko Ujerumani wote wanalindwa na sheria, usije ukamruhusu mtoto alete mmoja kutoka matembezini.

---

Salum_wa_Leeds

Samahani kuingilia. Wangu wawili, wa aina hiyo hiyo, hii siku ya tatu wanakaa juu ya gome hawashuki. Maji 21. Tangi jipya, mimea ipo mingi. Nini?

---

Bi_Kidimbwi

Salum, mnyama wa maji akiyakimbia maji, yapime maji kwanza. Umesema jipya. Nitriti ngapi?

---

Salum_wa_Leeds

Amonia 0.5, nitriti 1. pH 7.8.

---

Bi_Kidimbwi

Basi. Filta haijakomaa na unawalisha kama imekomaa. Leo wahamishie kwenye boksi la maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya klorini, joto lile lile, ubadilishe yote kila siku. Usitegemee kuyaacha maji usiku mzima: klorini huondoka, kloramini haiondoki, na miji mingine huko Uingereza huitumia. Tangi liendelee tupu mpaka lipite jaribio la Mzee wa Filta. pH ya 7.8 inafanya amonia hiyo hiyo iwe kali zaidi, kwa hiyo usijidanganye kwamba 0.5 ni kidogo. Mimea mingi inasaidia, lakini mimea mipya bado inajenga mizizi, haili chochote cha maana wiki za mwanzo.

Wakikataa maji hata kwenye boksi safi, angalia ngozi: pamba nyeupe, vidonda, mapaja mekundu. Ukiona lolote, daktari wa mifugo anayejua amfibia, usichanganye dawa za samaki za dukani, nyingi zina shaba au malakaiti. Ngozi nyembamba inayovuka nzima kama glovu na wakaila, hiyo ni kawaida.

---

Mwana_Pangani (Ujerumani)

Ahsanteni sana. Gapi wanaondoka Jumamosi, na chumba cha chini nimekipima: 17. Bado chakula, na kama watataga nifanyeje?

---

Mama_Theluji (Minnesota)

Chakula bora ni nyungunyungu wa bustani isiyopigwa dawa, kipande cha sm 1 hadi 2 kwa kila mmoja. Wale wekundu wenye mistari wa kwenye mboji mara nyingi hutemwa, wana ladha chungu. Siku nyingine mabuu mekundu ya visubi yaliyogandishwa, kumi hivi kwa kila mmoja, yayeyushwe na kusuuzwa kwanza, au dafnia (viroboto wa maji) hai. Mara 2 hadi 3 kwa wiki yatosha kwa mkubwa. Kwenye tangi lenye mimea chakula kinapotea chini ya majani, kwa hiyo lisha kwa kibano au kwenye kisahani cha kioo mahali pamoja, na kinachobaki baada ya saa moja kitoe kwa mpira wa kunyonyea. Wanaona kitu kinachotikisika na kunusa. Chakula mfu kisichotikiswa mbele yao wengine hawakijui.

Badilisha maji lita 14 kila wiki, yasitofautiane na ya tangi zaidi ya digrii 2.

---

Fundi_Majani (Nairobi)

Mayai: baada ya majira ya baridi yenye miezi miwili ya maji ya 8 hadi 12, jike hutaga moja moja na kulikunja kila yai ndani ya jani kwa miguu ya nyuma. Ukiona majani ya Hygrophila au ncha za mosi zimekunjwa kama bahasha, ndiyo hayo. Kata jani lenyewe, usilifungue, weka kwenye boksi la lita 5, maji 18 hadi 20. Wakubwa huyala yakibaki. Huanguliwa wiki 2 hadi 3.

Viluwiluwi hawali siku mbili za mwanzo, wana kiini. Kisha vichanga vya artemia (uduvi mdogo wa maji ya chumvi) kila siku, visuuzwe chumvi, na theluthi ya maji ibadilishwe kila siku. Usiwarundike, hung'atana miguu. Matamvua yakianza kufupika, kama mwezi wa tatu au wa nne, shusha maji hadi sm 3 na weka mteremko wa mosi kutoka majini, la sivyo watazama. Hapo wanaingia maisha ya nchi kavu ya mwaka hadi mitatu, boksi lenye mosi mbichi na wadudu wadogo wanaorukaruka kwenye udongo wenye unyevu. Hayo ni makazi mengine kabisa, kwa hiyo kabla ya kuhifadhi mayai arobaini hesabu kwanza maboksi uliyonayo.

---

Kijana_Temeke

Na huku Dar? Maji ya bomba tu ni 28.

---

Bi_Kidimbwi

Hapana mdogo wangu. Utahitaji mashine ya kupozea maji inayofanya kazi mchana na usiku, na umeme ukikatika saa kadhaa umewapoteza. Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili hata mmoja, kwa hiyo kuwaleta kunahitaji vibali na ni hatari kwa vyura wetu. Ukiwa na lita 112 hapo Temeke, fuga samaki wa joto hilo, na orodha ya mimea ya Fundi Majani inakufaa karibu yote.